Mdogo wangu halali, anavunja vitu, mtaa unataka tumfunge kamba. Tumpeleke wapi usiku huu?

Fundi wa Kizuiani

Habari za usiku wakuu. Naandika haraka, mnisamehe nikiruka maneno.

Mdogo wangu wa kiume ana miaka 22, yuko chuo mwaka wa pili, amekuja likizo hapa Mbagala. Tangu wiki iliyopita halali. Alianza kwa kukaa dirishani na daftari, anaandika namba za magari yanayopita. Ukimuuliza anasema ni magari yaleyale, yanazunguka yakimtafuta. Ikaja redio: yule anayesoma magazeti asubuhi eti anamsema yeye kwa mafumbo. Chakula cha mama hagusi, anasema kimetiwa kitu. Anakula mkate alioununua mwenyewe, na akikuta mfuko umefunguka kidogo anautupa.

Leo magharibi amevunja televisheni kwa mchi, akatoka kifua wazi, akamkaba jirani aliyekuwa amesimama na simu mkononi, kwamba anampiga picha awapelekee. Vijana wa mtaa wamemshika wakamrudisha ndani. Sasa yuko chumbani, mimi nimekaa mlangoni. Mara anacheka, mara ananong'ona na ukuta. Muda si mrefu kaniambia, "Kaka, bora nife mimi kabla hawajawafikia nyie."

Mjumbe kaja na kamba, anasema tumfunge mpaka asubuhi halafu kuna mtaalamu wa asili Bagamoyo anawaweza hawa. Mjomba anataka tukodi Noah twende Mirembe moja kwa moja. Mama hataki hospitali yoyote, anaogopa watampiga sindano awe zezeta maisha yake yote. Mimi ni fundi wa madirisha ya aluminiamu, haya mambo siyajui. Aliyewahi kupitia aniambie, nianzie wapi? Natanguliza shukrani.

Sista wa Zamu

Pole sana kaka. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, zamu za usiku nimezila sana hospitali ya mkoa. Nakujibu ya kufanya sasa hivi, mengine tutaongea kesho.

Hilo la "bora nife" usilione kama kupayuka. Muulize waziwazi, kwa sauti yako ya kila siku: unawaza kujiua? Kumuuliza hakumtii wazo ambalo hakuwa nalo, ila kunakuonyesha umesimama wapi. Asibaki peke yake hata akienda chooni, mlango urudishwe tu bila komeo. Mle chumbani atoe mtu mmoja, kimyakimya, kila chenye makali, dawa za presha za bibi kama zipo, sumu ya panya. Usianze kupekua mbele yake kama askari.

Halafu watu. Mtaa mzima ukiwa dirishani, mgonjwa anayeamini anafuatiliwa anaona kweli anafuatiliwa! Mwambie mjumbe kazi yake usiku huu ni kuwaondoa hao watu, na hasa wenye simu wanaorekodi. Zima redio. Aongee mtu mmoja tu, na kwa unavyoeleza naona ni wewe, maana amekuita kaka na amekuhofia usalama wako. Kaa upande wa mlango, usimzibie njia, usimsimamie kichwani.

Habari za magari na redio usibishane nazo, wala usimkubalie. Mwambie, "Mimi hiyo sauti siisikii, lakini naona inakutisha." Tafuta jambo moja ambalo nyote wawili mnaliona sawa. Kwa wagonjwa wengi niliowapokea jambo hilo ni usingizi. Anajua hajalala. Anajua amechoka. "Twende ukapate dawa ulale, naingia na wewe mpaka ndani." Usimwambie mnakwenda kwa shangazi. Akishuka akakuta ni hospitali, umekuwa mmoja wa wale wa kwenye magari.

Kamba iacheni. Nilipokea kijana, fundi viatu, aliyefungwa kamba ya manila tangu usiku mpaka jua likawa kali. Akili ilirudi, lakini kiganja cha kulia kilibaki kinaning'inia, mishipa ya fahamu ilibanwa. Huyo sindano na uzi atashikia wapi? Ikibidi kumshika, mshikeni mikono na miguu watu wanne au watano, muda mfupi, na kamwe asilazwe kifudifudi mtu akamkalia mgongoni au kumbana kifua. Hapo ndipo watu hukata pumzi.

Mirembe ni Dodoma, kilomita kama 450. Ni hospitali ya taifa na ina kazi zake, ikiwemo Isanga kwa wanaoletwa na mahakama, lakini kumpitisha mtu wa hali hii Chalinze na Morogoro usiku, mnashikana ndani ya Noah, ni kutafuta ajali. Ninyi ni watu wa Temeke. Nendeni hospitali ya rufaa ya mkoa pale Temeke, mlango wa dharura, uleule wanaoingilia waliogongwa na bodaboda. Wakiona inafaa, wao ndio watawapa rufaa ya Muhimbili kwenye wodi ya magonjwa ya akili. Gari, siyo bodaboda wala bajaji. Akae kiti cha nyuma katikati, wewe upande mmoja na anayempenda upande mwingine, milango iwe ile isiyofunguka kwa ndani. Mjomba mwenye hasira akae mbele au abaki.

Akikataa katakata na amekuwa hatari, Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inatoa njia ya mtu kufikishwa hospitali bila ridhaa yake, na polisi wanaweza kusaidia. Mjumbe akupeleke kituoni. Mkifika neno la kwanza liwe "mgonjwa". Mkianza na televisheni na jirani aliyekabwa, atalala mahabusu.

Sasa mama. Mwambie hivi: kabla ya sindano yoyote ya kumtuliza wataangalia mwili. Joto, presha, sukari, malaria, na watauliza kama aliwahi kuanguka kifafa, kupigwa kichwani, anavuta bangi, anakunywa nini, ameacha nini ghafla. Msifiche hata moja. Homa na shingo ngumu, hiyo ni hatari nyingine kabisa. Mlevi aliyeacha pombe juzi anaweza kuona wadudu ukutani na kutetemeka, naye ana dawa yake tofauti. Usiku mmoja waliniletea dereva wa bajaji, mtu mzima, anatukana, anatema mate, ndugu wanne wamemkalia. Jasho linamtiririka na usiku ulikuwa wa baridi. Nikamchoma kidole: sukari 1.9, imeshuka mno. Tukapitisha glukosi kwenye mshipa, na chupa haijaisha akageuka kuniuliza kwa adabu, "Sista, hawa wamenikalia kwa nini?" Alijichoma insulini yake, hakula. Angepelekwa kwa mganga asingefika asubuhi.

Mwili ukiwa salama, ndipo wanamtuliza. Wataanza kwa maneno, kisha vidonge akikubali, sindano ni kama vyote vimeshindikana. Mara nyingi ni haloperidoli, ikichanganywa na promethazini, au diazepamu. Atalala, na mtu anatakiwa awe anamwangalia pumzi na presha. Uzezeta wa maisha haupo katika sindano ya kutuliza. Nenda kaka.

Babu wa Chalinze

Sista umeandika vizuri ila mtaogopesha watu na vipimo. Mimi sipingi hospitali. Lakini mtoto wa dada yangu tulimpeleka, wakamchoma hiyohiyo unayoisema, kesho yake shingo ikageuka nyuma, macho yakapanda juu, ulimi ukatoka nje. Tulishuhudia wote. Jini lilikuwa linakataa sindano. Tukamtoa tukampeleka kwa mzee mmoja, akasoma, akamfukiza, kabla ya alasiri shingo imerudi. Kila kitu na mahali pake.

Sista wa Zamu

Babu shikamoo. Ulichokiona ni kweli, nami nimekiona mara nyingi, hasa kwa vijana wa kiume. Ni haloperidoli yenyewe, inakaza misuli ya shingo, taya na macho. Inatisha na inauma, na koo likikaza ni hatari. Dawa yake ni sindano ya promethazini, au Artane, vidonge vya kulegeza mkazo huo, na shingo hulegea mbele ya macho yenu. Msipoitibu nayo hujilegeza yenyewe baadaye, dawa ikipungua mwilini. Mzee wenu alikuwa anasoma wakati huo.

Shehe aje, mchungaji aje, wodini waje waombe, hakuna atakayewazuia. Ninachokataa ni moshi, kufungishwa, minyororo, na kumnyima maji mtu ambaye hajala vizuri wiki nzima.

Mama Nuru

Mimi ndiye nilikuwa huyo wa chumbani, kwa hiyo nisikilizeni na mimi.

Nilijifungua salama, mtoto wa kwanza. Kabla arobaini haijafika nikaacha kulala. Sikuwa nimechoka, nilikuwa na nguvu za ajabu, nafua nepi saa nane za usiku. Nikaanza kujua kwamba mtoto amebadilishwa, yule wangu yuko ndani ya ukuta. Mama mkwe akasema nimeingiliwa. Nikavishwa hirizi, nikasomewa, na kila aliyeingia alikuwa ananiambia "tulia, mtoto ni huyu." Hakuna kilichonitia wazimu zaidi ya hilo neno tulia.

Aliyenitoa ni dada yangu. Alikaa chini kwenye mkeka, hakunishika, akasema, "Sawa, unamtafuta mtoto. Maziwa yamejaa, yanakuuma?" Yalikuwa yanauma kweli. Akanikanda kwa kitambaa cha maji moto. Kisha akasema twende hospitali wakaangalie hayo maziwa na tuwaulize habari ya mtoto. Nilikwenda na kanga mbili tu kiunoni. Hakunidanganya, maziwa yaliangaliwa kweli.

Hospitali ya kwanza sitaitaja. Walinivua wakanifungia chumba chenye godoro tupu, damu ya uzazi inatoka, na muuguzi akanijibu kupitia dirishani kwamba nikichafua nitafua. Nimepona, hilo halijapona. Ya pili walinilaza, na baadaye mtoto akawa analetwa kunyonya daktari alipoona dawa zinaruhusu, mtu amekaa pembeni. Kwa hiyo fundi, mkifika na mkaona anadhalilishwa, ulizeni mkuu wa zamu ni nani. Kumpeleka hospitali hakumalizi kazi ya ndugu. Ingia naye kama ulivyomwahidi.

Na wanaume mnaosoma: mzazi akianza kuona visivyokuwepo baada ya kujifungua, ni dharura siku hiyohiyo. Mtoto asiachwe naye peke yake, ila msimfiche kabisa asimwone.

Mwanakisauni

Nawasalimu kutoka Mombasa. Ningeongeza moja ambalo lawafanya watu wengi kufyata ulimi wakifika kwa daktari: ile kuogopa kwamba ukisema mgonjwa alitaka kujiua, ataandikishwa kesi. Kwetu Kenya jaribio la kujiua lilikuwa kosa chini ya kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu, hadi Januari 2025 Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu hicho chaenda kinyume na katiba. Hata hivyo watu bado wanaficha. Mpwa wangu alifikishwa kitengo cha akili cha Port Reitz na ndugu wakanyamaza wote kuhusu alilolifanya alfajiri, akaandikwa kana kwamba ni kukosa usingizi tu. Bahati muuguzi aliona alama akauliza. Kwenu kifungu bado kipo, sivyo sista?

Sista wa Zamu

Kipo, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu. Ila mimi kazi yangu mlangoni ni uhai. Nisipoambiwa, namlaza kitanda cha dirishani. Nikiambiwa, analala mbele ya meza yangu na ndugu anabaki naye usiku kucha. Semeni.

Fundi wa Kizuiani

Wakuu, nimerudi. Nimeshindwa kuandika mapema, simu iliisha chaji hospitalini.

Niliingia chumbani nikakaa chini kama yule dada wa Mama Nuru, ingawa nilikuwa sijasoma lake bado, miguu tu ilichoka. Nikamuuliza lile swali la kujiua. Akanyamaza, akasema ndiyo, ili sisi tubaki. Nikasema basi twende ukalale kwanza. Akauliza gari la nani. Hapo ndipo nilipoelewa habari ya magari. Nikampa simu aandike mwenyewe namba ya gari tuliloitiwa, akaikagua kwenye daftari lake, haikuwemo, akapanda. Mama upande mmoja, mimi mwingine. Mjomba alibaki kumlipa fidia jirani.

Mlangoni mlinzi alitaka kutupeleka getini kwanza tuandikishe, nikamwambia ni dharura, amesema atajiua. Wakatupitisha. Walimpima kama sista alivyosema, malaria hana, sukari sawa, joto sawa. Daktari wa zamu, binti mdogo, alimuuliza mdogo wangu mwenyewe kabla ya kutuuliza sisi. Akakubali kidonge kwanza, akakitema. Baadaye kelele za mgonjwa mwingine zikamtisha akataka kukimbia, ndipo wakamchoma. Amelala kuanzia saa tisa usiku mpaka jioni. Mama alikuwa anamwekea kiganja puani kila mara.

Kuhusu bangi alitukatalia sisi, akamkubalia daktari. Anavuta tangu mwaka wa kwanza, na muhula huu sana.

Sasa magharibi hii taya limekaza, shingo imekwenda kushoto, mate yanatoka. Mama akaanza kukusanya vitu tuondoke. Nikamwonyesha jibu la sista kwa Babu wa Chalinze. Nimemwita nesi, amemchoma kitu, sasa ameanza kulegea na ameomba uji. Uji wa mama. Amekunywa.

Nina maswali mawili. Dawa atazitumia mpaka lini? Na chuo kinafungua wiki ijayo, tufanyeje?

Babu wa Chalinze

Mwenyezi Mungu ampe shifaa. Hiyo ya shingo nimeiona hapa kwa maandishi na sasa kwa ushahidi. Mtoto wa dada yangu bado yuko kwa yule mzee, sista. Miezi. Unaniambia nini?

Sista wa Zamu

Babu, wewe nijibu: anakula, analala, amefungwa? Kama amefungwa, nenda na mtendaji wa kata na ndugu mwingine, mtoeni, mumpeleke hospitali ya wilaya yenu kesho. Waambieni kwamba haloperidoli ilimkaza mara ya kwanza. Daktari atachagua dawa nyingine au ataanza na kiasi kidogo pamoja na Artane. Hilo ndilo neno la kwanza mtakalosema mkifika, kabla ya historia yote ya jini.

Fundi, nimefurahi. Hilo la kumpa akague namba ya gari mwenyewe nitaliiba nilitumie.

Dawa: hata akipoa kabisa, kwa anayeugua mara ya kwanza tunashauri aendelee angalau miezi 12 baada ya dalili kwisha. Wengi huacha ule mwezi wa pili, wanapojisikia wazima, na ndipo wanarudi kwangu. Akionekana anasahau vidonge, zipo sindano za mwezi, Modecate kwa mfano, mtaongea kliniki. Artane wakimpa mpewe hesabu na akae nayo mama, maana vijana wengine huila kwa kulewa. Akipata homa kali na mwili mzima ukakakamaa, akachanganyikiwa upya, msisubiri tarehe ya kliniki, rudini usiku huohuo na vidonge msimpe. Hiyo ni nadra, ila inaua. Bangi asahau. Kwa yeye siyo suala la tabia, ni kama mwenye kidonda kukitia chumvi.

Msikubali kuruhusiwa bila tarehe ya kliniki iliyoandikwa na dawa za kufikisha tarehe hiyo. Wiki za kwanza nyumbani msilegeze ulinzi, maana kuna anayerudi na akili timamu akaanza kuona aibu ya aliyoyafanya, na ile hamu ya kufa ikarudi kwa mlango huo. Televisheni msimtajie.

Chuo asirudi wiki ijayo. Muombe daktari barua ya ugonjwa, aiandike kwa ufupi kwamba anahitaji mapumziko ya matibabu, haina haja ya kutaja jina la ugonjwa, na muipeleke ofisi ya mlezi wa wanafunzi mkaombe kuahirisha masomo. Fanyeni kabla muhula haujaanza. Akianza kuhesabiwa mtoro, kulirekebisha ni kazi ya mwaka.

Fundi wa Kizuiani

Asante sista. Kuna bili, wametuandikia vipimo na dawa nyingine ya kununua nje. Mfukoni zimebaki za nauli.

Sista wa Zamu

Usiende duka la dawa kwanza. Hapo hospitali kuna afisa ustawi wa jamii, muulize muuguzi wa wodi ofisi yake ilipo. Nenda asubuhi na barua ya serikali ya mtaa, yule mjumbe wa kamba akusaidie kuipata, eleza hali yenu, uombe msamaha wa gharama. Ofisi huwa na foleni, wahi.